Nani Alitembea na Mekatilili?



Mwezi uliopita tulikuwa na semina ya siku mbili na vikundi sita vya kujisaidia, hapa hapa upande wa Mariakani. Siku ya pili baada ya chai, kabla watu hawajaanza kusinzia, nikatupa swali la kuwaamsha: "Mekatilili wa Menza ni nani?" Mikono yote ikawa juu. Mmoja akasema ndiye aliyempiga mzungu kofi. Mwingine akaleta habari ya kuku na vifaranga. Kijana mmoja akasema alifungwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Nikasema vizuri sana, haya, alitembea na nani?

Kimya. Unajua kile kimya cha mkutano, kila mtu anaangalia viatu vyake.

Basi mama mmoja mzee, aliyeketi nyuma kabisa karibu na masufuria, akasema kwa sauti ndogo, "Si na Wanje." Vijana wakageuka. "Wanje yupi?" Yule mama akashangaa kuulizwa. Kwake yeye habari ya Mekatilili bila Wanje ni kama jiko la mafiga mawili.

Nilirudi nyumbani nikiliwaza jambo hilo, na ndilo nimeamua tulizungumze katika toleo hili: wasaidizi na wenzi wa safari katika habari za mashujaa wetu. Najua wengine watasema, huyu mama leo ameacha mbuzi na matangi ya maji ameenda kwenye hadithi. Subirini kidogo. Kuna kosa nililifanya mimi mwenyewe katika kazi hii, na hadithi hizi ndizo zilizonionyesha. Nitalieleza huko mbele.

Safari ya kutoka Kisii

Kwanza tukumbushane. Mwaka wa 1913 serikali ya Waingereza ilikuwa inawabana Wagiriama kwa mambo mawili makubwa: kodi ya nyumba, na vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na kazi za serikali. Afisa aliyetumwa kusimamia hayo aliitwa Arthur Champion. Mekatilili wakati huo hakuwa msichana, alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Jina lenyewe la Mekatilili ni mama wa Katilili. Akaanza kuzunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ambayo kwa kawaida ni ya matanga. Watu wakikusanyika, anasema nao. Inasimuliwa kuwa mbele ya Champion alileta kuku na vifaranga vyake akamwambia, hebu chukua kifaranga kimoja uone. Kuku akamdona mkono. Akamwambia ndivyo utakavyopata ukijaribu kuchukua watoto wetu.

Hayo mnayajua. Sasa tazameni upande wa pili wa habari hiyo hiyo.

Wanje wa Mwadorikola alikuwa mzee mwenye kauli, na baadhi ya masimulizi humtaja kuwa mkwe wake Mekatilili. Watu walipokusanyika Kaya Fungo, ambayo kutoka hapa Mariakani si mbali, viapo vilivyotolewa vilikuwa viwili. Wanawake waliapa mukushekushe. Wanaume waliapa kiapo cha fisi, na hicho kilikuwa mikononi mwa wazee. Pima mwenyewe. Mekatilili angeweza kuwaamsha watu kwa ngoma na maneno, lakini nusu ya nyumba ilifunguliwa kwa ufunguo ambao hakuwa nao yeye. Na Wanje naye, kwa uzee wake wote, hangeweza kuingia katika ngoma ya akina mama akawatikisa vile. Kila mmoja alikuwa na mlango wake.

Tena kulikuwa na mwenzi wa tatu, ambaye alikwisha kufa zamani. Huyo ni Mepoho, mwanamke wa Kigiriama anayekumbukwa kwa kutabiri kuwa watakuja wageni wenye nywele kama katani, na vyombo vitakavyokwenda majini, nchi kavu na hewani, na kwamba wageni hao watavuruga desturi. Mekatilili aliposimama kusema, watu walikuwa na maneno ya Mepoho masikioni tayari. Alipanda mbegu kwenye shamba lililolimwa na mwingine. Mara nyingi katika vikundi vyetu mwenyekiti mpya akifaulu tunasahau kuuliza nani aliyelima.

Mwezi wa Oktoba 1913 serikali ikawakamata Mekatilili na Wanje, wote wawili, ikawapeleka Kisii, huko karibu na ziwa la Viktoria. Walifikiri umbali utawanyamazisha. Januari 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu.

Hapa nataka tukae kidogo, maana tunapenda kuirukia safari hii kwa sentensi moja. Ati "akatembea mpaka nyumbani". Kwa barabara ya leo, ile ya lami, kutoka Kisii hadi Mariakani ni zaidi ya kilomita 700, na wako wanaosimulia kwamba wao walitembea kama 1,000. Tuchukue hizo 700. Mtu mzima akienda kilomita 25 kwa siku, kila siku bila kupumzika hata Jumapili, ni siku 28. Na hao hawakuwa wakipita barabarani wakisalimia watu, walikuwa wakitafutwa. Walipita nchi ambazo watu wake hawasemi Kigiriama. Na mwisho wa safari, wakati miguu imekwisha, ndipo wanaingia nyika ya huku kwetu. Sisi tunaijua hii nyika. Mwezi wa Februari ukitembea asubuhi moja tu bila maji, unajua umetembea.

Haya, walikula nini? Walilala wapi mvua iliponyesha kule juu? Nani aliyewaonyesha mahali pa kuvuka mto? Mtu hawezi kutembea mwezi mzima kwa ushujaa mtupu. Lazima mahali fulani mwanamke fulani alitazama hawa wazee wawili wenye vumbi, hakuelewa lugha yao, akaelewa kwamba wana njaa, akawawekea kitu kwenye kibuyu. Labda mara kumi, labda mara thelathini. Simulizi hazimtaji hata mmoja wao. Mimi nikiisoma habari hii sasa, hao ndio ninaowaona.

Walikamatwa tena mwaka huo huo wa 1914. Mwezi wa Agosti serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikaanza, na mwishowe Wagiriama wakatozwa faini kubwa na kutakiwa watoe vijana 1,000 wa kufanya kazi. Mekatilili na Wanje waliruhusiwa kurudi 1919. Walirudi kama walivyoondoka, wawili. Kaya yenyewe, mkitaka kujua, haikufa: mwaka wa 2008 ilikuwa miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mekatilili ana sanamu yake Malindi. Tarehe 9 Agosti 2020 hata kampuni ya Google iliweka picha yake ili dunia nzima imwone. Nilifurahi sana siku hiyo. Lakini vijana wangu wa semina hawakumjua Wanje.

Mkate wa wishwa

Twende upande wa Tana, kwa Fumo Liyongo. Huyu ni shujaa wa zamani sana, mtu wa nguvu na wa mashairi, na huko Kipini watu huonyesha mahali alipozikwa. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitunga habari yake kwa utenzi mwaka wa 1913, mwaka ule ule Mekatilili alipokuwa akicheza kifudu. Sijui kama kuna anayelikumbuka hilo shuleni.

Liyongo alifungwa na Sultani wa Pate, ametiwa minyororo, anangoja kuuawa. Nguvu zake zote hazimsaidii kitu. Aliyemsaidia ni kijakazi, jina lake Saada, aliyekuwa akimletea chakula kila siku kutoka kwa mama yake. Walinzi walikuwa na tabia ya kula kilicho kizuri na kumwachia makombo. Basi Liyongo akampa Saada maneno ya fumbo ampelekee mama. Mama akaelewa. Akaoka mkate mzuri wa kuwashughulisha walinzi, na akafanya mkate mkubwa wa wishwa, yale makapi ya nafaka, akaficha tupa ndani yake. Saada akaja navyo. Walinzi wakachukua ule mzuri. Ule wa wishwa wakaucheka, wakamwambia mpelekee bwana wako.

Nawaomba mtazame akili iliyoko hapo. Tupa ilipita mlangoni kwa sababu ilikuwa ndani ya kitu kinachodharauliwa, na imebebwa na mtu anayedharauliwa. Kama angeletewa na mtu mkubwa, angepekuliwa. Liyongo alijua kumtumia Saada, na Saada alijua anachobeba. Lau wangemshika, sidhani kama angeulizwa mara mbili.

Kisha kuna wasaidizi wengine ambao hawakujua kwamba wanasaidia. Liyongo aliomba, kabla hajafa, afanyiwe ngoma ya gungu. Mji mzima ukaja, ngoma, matoazi, kelele. Huku wao wanacheza, yeye ndani anakata minyororo kwa ile tupa, na hakuna anayesikia. Walipokuwa wakifurahi walikuwa wakimfungua. Mimi nikienda kwenye mikutano ya hadhara huwakumbuka hao. Si kila mtu anayepiga makofi anajua kazi inayofanyika, lakini bila yale makofi huenda kazi isingefanyika.

Lakini habari ya Liyongo haitufundishi wema peke yake. Zamani kidogo, kabla hajafungwa, Sultani aliwaahidi watu wa msituni riali 100 wakimletea kichwa chake. Wakajifanya marafiki. Wakawa wanakula kikoa, kila mtu zamu yake, na zamu yenyewe ni kupanda mkoma na kuwaangushia wenzako matunda. Shauri lao lilikuwa: zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti, tumpige mishale. Zamu ikafika. Liyongo akasema mimi sipandi, akavuta upinde akayaangusha matunda kwa mshale akiwa chini. Wakaogopa.

Kikoa ni nini kama si merigoraundi? Kila mtu zamu yake. Nimeona vikundi vingine hapa ambavyo mtu anachanga vizuri miezi minane, zamu yake inapofika anaambiwa mfuko una shida. Kuliana kwa zamu si urafiki bado. Urafiki unajulikana mtu akiwa juu ya mti.

Na mwisho, Liyongo aliuawa na mtoto wake mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa sababu alimwambia siri ya mwili wake. Hili sitaliendeleza. Kila familia inajua ya kwake.

Paa wa thumuni

Sasa nafika kwenye hadithi ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Haina vita. Ni ya Kiswahili ya zamani, iliandikwa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko, akaichapisha 1870 katika kitabu chake cha hadithi. Inaitwa Sultani Darai. Wakubwa wengine mliisikia mkiwa watoto.

Palikuwa na maskini jina lake Hamdani. Kazi yake kuchakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, sehemu ya nane ya riali. Akapita mtu anauza paa. Majirani wakamcheka Hamdani, wewe huna hata cha kula unanunua paa? Akamnunua kwa thumuni yake. Usiku yule paa akasema.

Kuanzia hapo kila kitu ni paa. Paa anakwenda malishoni anapata almasi. Paa anaipeleka kwa Sultani wa mji mwingine, anamposea bwana wake binti, anampa na jina jipya, Sultani Darai. Paa anampeleka Hamdani mtoni, anamchapa fimbo, anasema bwana wangu amenyang'anywa na wezi, ili apewe nguo za heshima. Paa anatangulia kutafuta nyumba, anaikuta ya nyoka mwenye vichwa saba, mwanamke mzee aliyekuwemo anamwonya, paa anamwua yule nyoka. Nyumba, mali, watumishi, vyote vinakuwa vya Hamdani. Yeye kazi yake ilikuwa kufika.

Kisha paa akaugua. Akamtuma yule mama mzee: nenda kamwambie bwana wangu mimi ni mgonjwa. Bwana akasema, mpikieni uji wa mtama mwekundu. Mke wake akashangaa, akasema huyu si ndiye aliyefanya yote haya? Hamdani akajibu: si paa wa thumuni tu? Mama mzee alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, jibu ni lile. Mke akampelekea maziwa na wali kwa siri. Lakini paa moyo ulikwisha vunjika, akafa. Hamdani akaamuru atupwe kisimani.

Basi usiku mke akaota yuko kwao, akaamka, kweli yuko kwao. Na Hamdani akaota anachakura jaani. Akaamka anachakura jaani.

Nilipoisoma tena hadithi hii, ni mtu mzima nina kazi na cheti changu ukutani, nililia. Na sasa niwaambie sababu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia kioski cha maji katika kijiji kimoja, sitakitaja. Kikundi kilijitolea kuchimba mtaro, wafadhili wakatoa paipu na tangi. Palikuwa na mama mmoja, hakuwa kwenye kamati. Yeye alikuwa na ufunguo tu. Saa kumi na moja alfajiri amekwisha fungua. Pesa anatia kwenye mkebe, hesabu anaweka kwenye daftari kwa vijiti vyake mwenyewe maana hakusoma sana. Paipu ikipasuka ndiye anayetembea kwenda kumwambia fundi. Mtoto akitumwa hana pesa, anajua ni mtoto wa nani na atalipa lini.

Mimi niliandika ripoti. Niliandika mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na picha yao wamesimama mbele ya tangi. Wafadhili walipokuja, hao watatu waliketi kwenye viti chini ya turubali na mimi pamoja nao. Yule mama alikuwa nyuma anaosha sahani. Nilimwona. Sikufikiri kitu.

Baadaye akaugua mguu, akakosa mikutano mitatu. Katiba ya kikundi inasema asiyehudhuria anatozwa faini shilingi 50. Wakamtoza 150. Hakuna aliyekosea kisheria, katiba ile nilisaidia kuiandika mimi. Mkutano wa nne alikuja akichechemea, akafungua pembe ya leso, akaweka ufunguo mezani. Akasema, "Huu hapa." Akaondoka.

Kioski kilifungwa wiki tano. Walijaribu kufungua, lakini vile vijiti vya daftari hakuna aliyeweza kuvisoma, nani amelipa nani hajalipa, ikawa ugomvi kila asubuhi. Akina mama wakarudi bwawani. Wenye mikokoteni wakapandisha bei ya jerikeni. Hapo ndipo tulipokwenda kwake, kamati na mimi, na ule uji wetu wa mtama mwekundu umetukauka mkononi.

Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema hatarudi kwenye kioski, mguu hauwezi, lakini tumletee wasichana wawili awafundishe. Tukawaleta. Mwezi mmoja wakajua. Faini ilirudishwa, na jina lake likaingia katika ripoti iliyofuata, ambayo sina hakika kama kuna aliyeisoma.

Lakini paa naye

Katika semina nilipoisimulia hadithi ya paa, kijana mmoja wa bodaboda akaleta hoja ambayo sikuitarajia. Akasema, "Mwalimu, mimi naona hata paa alikosea." Watu wakamzomea. Nikasema mwacheni aseme. Akasema, paa alifanya kila kitu. Almasi yeye, posa yeye, nyoka yeye. Hata jina alimpa la uongo. Hamdani hakufundishwa hata kufungua mlango. Sasa mtu wa namna hiyo atajuaje thamani ya kitu?

Nimelifikiria neno lake na naona ana haki, si yote lakini nusu. Linganisheni na habari ya Tobia, katika kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia anatumwa safari ya mbali kwenda kuchukua fedha za baba yake. Anapata mwenzi wa njia, ambaye ni malaika Rafaeli lakini hawamjui, amejiita Azaria. Tazameni mambo matatu. Kwanza mshahara ulisemwa kabla hawajaondoka: drakma moja kwa siku. Pili, samaki mkubwa alipotaka kumla Tobia mguu pale mtoni, Rafaeli hakumshika samaki yule. Alimwambia Tobia, mshike. Tobia akamshika mwenyewe. Rafaeli alijua tu dawa iliyomo katika nyongo, moyo na ini. Tatu, waliporudi salama, baba na mwana walikaa wakashauriana tumpe nini huyu, wakakubaliana wampe nusu ya vyote. Nusu! Na hapo walikuwa bado wanadhani ni mtu wa kibarua. (Pia mbwa alikwenda nao. Mwandishi hakumsahau hata mbwa.)

Sisi tunaoitwa wasaidizi, maafisa wa maendeleo, wafadhili, makatekista, mara nyingi tunapenda kuwa paa. Inapendeza kuwa paa. Unakuja na almasi, unaandika mradi wote usiku, unawapa kikundi jina zuri la kupendeza kwenye fomu, unawasemea kwa chifu. Halafu unahamishwa, au mradi unakwisha, na kikundi kinaamka jaani. Sidhani kila wakati ni kwa kukosa shukrani. Pengine hawakuwahi kushika samaki.

Kuna habari nyingine ya zamani sana, ya nchi ambayo leo ni Iraki, ya mfalme Gilgamesh na rafiki yake Enkidu. Gilgamesh alikuwa mtawala mwenye kusumbua watu wake. Enkidu alikuja wakapigana mieleka, wakatoshana nguvu, wakawa marafiki. Aliyemtuliza mfalme hakuwa mtumishi, alikuwa mtu aliyeweza kumzuia mlangoni. Nalileta hili kwa sababu ya wale wenyeviti ambao wakipata katibu anayesema "hapana, mwenyekiti, pesa hizi hazikupitishwa," wanamtafutia kosa aondoke. Huyo katibu ndiye Enkidu wenu. Mkimfukuza mtabaki na watu wa kula kikoa.

Mambo ya kufanya katika kikundi

Baada ya semina tulikubaliana mambo machache, na vikundi vingine mwaweza kuyajaribu. Katika kitabu cha mikutano, pamoja na "waliohudhuria" na "waliokosa", pawe na mstari mmoja wa waliofanya: nani aliyefungua, nani aliyebeba, nani aliyekwenda Kilifi kufuata barua na nauli alitoa wapi. Faini isitozwe kabla mtu mmoja hajakwenda nyumbani kwa aliyekosa kuuliza kwa nini. Mtu mwenye kazi ambayo peke yake anaijua, apewe wa kujifunza naye, si kwa kutaka kumwondoa, mwambieni hivyo waziwazi. Na wageni wakija, viti viwe vinne. Vitatu vya viongozi, na cha nne cha mtu ambaye kikundi kimemchagua mwezi huo. Kikundi kimoja kimekwisha anza. Wa kwanza kukikalia alikuwa mzee wa kuchunga lango la shamba la miche, na inasemekana alikaa amenyooka kama yuko kanisani.

Yule mama wa masufuria nilimfuata jioni, semina ilipokwisha. Nilimwuliza habari za Wanje alizipata wapi. Akasema kwa hawe yake, walipokuwa wakitwanga mahindi. Nikamwuliza kama kuna majina mengine anayoyakumbuka, watu wa safari ile, wale waliowapokea nyika hii walipofika wamechoka. Akafikiri sana. Akasema yako, lakini hayawezi kusemwa kwa haraka huku mtu amesimama na mkoba begani. Nimepanga kwenda kwake Alhamisi ijayo na nitakaa.

Kama katika vijiji vyenu kuna wazee wenye majina ya namna hiyo, ya zama za Mekatilili au ya kisima mlichochimba juzi, yaandikeni. Kwa Kiswahili au Kigiriama, kwa mkono, hata karatasi ya daftari inatosha. Mpeni katekista wa kigango chenu, naye atanifikishia kabla ya mwisho wa mwezi. Tutayachapa katika toleo lijalo kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu.